Kassim, ile redio usiilipie kwanza

Kassim ndugu yangu,

Meseji yako niliiona juzi nikiwa kwenye basi, nikasema hii siyo ya kujibu kwa dole gumba nikiwa nimesimama, ngoja siku nikikaa. Leo ndo nimekaa, watoto wamelala, chai ipo, mvua inapiga dirishani kama kawaida ya huku Uingereza. Kwanza hongera bwana, leseni ya maikrolaiti, hizi ndege ndogo nyepesi, siyo mchezo, na mama yako nilivyomsikia kwenye simu sauti ilikuwa inapanda mpaka nikacheka, mtoto wa Tandika anarusha ndege juu ya kondoo wa Wazungu!

Sasa ile picha uliyonitumia, ya redio ya mkononi ya kuongelea ndegeni unayotaka kuinunua. Kama hujalipa usilipe, na kama umeshalipa niambie mapema tuone utairudishaje. Wala sisemi ni redio mbovu, inawezekana ni nzima kabisa na huyo jamaa wa Marekani anauza kwa nia njema, tatizo liko kwenye ule mstari mdogo pale chini ya picha ulioandikwa chaneli 760. We uliuona ukadhani 760 ni nyingi. Hata mimi nilidhani hivyohivyo, nikatoa pauni 140 zangu.

Ntakwambia ilivyokuwa. Nilinunua onlaini, ya mkono wa pili, kwa muuzaji mmoja ambaye simtaji, ikaja safi kwenye boksi lake na chaja na hata mkoba wa ngozi. Jumamosi nikaenda nayo kiwanjani kwetu pa kurukia ndege najivuna. Siku hiyo nilikuwa napanga kwenda kwenye uwanja mdogo wa majani usio na masafa yake, na sehemu kama hizo huku tunatumia ile chaneli ya wote, Safetycom, ambayo ni 135.480. Nasimama pale kwenye nyasi zimelowa, nazungusha kile kifundo cha kubadilisha chaneli: 135.450, 135.475, halafu kinaruka, 135.500. Narudi nyuma, 475. Naenda mbele, 500. Hakuna 480! Nikajaribu kuipiga kwa vitufe, ikalia tii, ikakataa. Nikatoa betri nikarudisha, kama vile tunavyofanya na rimoti ya TV. Mwalimu wangu alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote na kikombe chake cha kahawa, akaniuliza kwa upole, hiyo ni ya mwaka gani?

Kisa chenyewe ni hiki. Zamani chaneli za ndege zilikuwa zinaachana kilohezi 25, na ukigawa masafa kuanzia 118 mpaka karibu 137 kwa 25 unapata chaneli 760. Ulaya ndege ni nyingi, chaneli zikaisha, wakaamua kila moja waikate vipande vitatu, 8.33 kila kipande, ndo zikawa 2280. Walianza na ndege kubwa za juu kabisa mwaka 1999, sisi wa chini tukaachwa kwa muda mrefu, halafu sheria ya Ulaya ya 2012 ikatushukia na sisi, na hapa Uingereza mwaka 2018 ndo kila mtu alikuwa anahangaika kubadilisha redio, tena mamlaka ya anga ikawa inamrudishia mtu asilimia 20 ya gharama. Sisi tumekuja baadaye, hela imeisha, lakini zile redio za zamani hazijaisha, ziko onlaini zinasubiri watu kama mimi na wewe.

Na hapa pana kitu ambacho kilinichanganya sana mpaka mwalimu akanichorea kwenye karatasi. Namba unayoiona kwenye kioo siyo masafa yenyewe, ni jina la chaneli. Ile 135.480 katikati yake ni palepale 135.475, ni masafa yaleyale, ila jina la 480 maana yake ongea kwa upana mwembamba. Kwa hiyo nikamwambia mwalimu, si basi niweke 475 niongee, watanisikia? Akasema watakusikia sana, tena na majirani wa pande mbili watakusikia, maana redio yako inaongea kwa upana wa zamani, ni kama mtu anaendesha lori kwenye njia ya baiskeli. Kusikika unasikika lakini kisheria huruhusiwi. Na chaneli nyingine ambazo katikati yake siyo palepale ndo hata husikiki vizuri. Ile redio mpaka leo ipo kabatini, muuzaji alisema maelezo yalikuwa wazi kwenye tangazo. Kweli yalikuwa wazi, ni mimi sikujua kuyasoma.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa kuangalia ni hiyo 8.33. Imeandikwa 25 na 8.33, endelea kusoma. Haijaandikwa, funga ukurasa.

Cha pili geuza redio nyuma, au mwambie muuzaji akupigie picha ya nyuma, utafute alama ya CE, ile ya Ulaya, au ya UKCA, ile ya Uingereza, na uulizie ile karatasi ya mtengenezaji inayotamka kwamba redio imekidhi masharti, humo ndani utaona namba EN 300 676 ambayo ndo kipimo chenyewe cha redio za mkononi za masafa ya ndege. Redio ya mfano mmoja inatengenezwa kwa masoko tofauti na herufi zinabadilika mwishoni, za kwetu huku kwa Icom mara nyingi utaona E, mfano IC-A16E, IC-A25CE, IC-A25NE. Yule wa Marekani hata kama ya kwake ina kila kitu, kibali cha kule ni cha FCC, ni ofisi nyingine na nchi nyingine, huku hakikusaidii.

Ukauliza pia kuhusu zile redio za Kichina za walinzi wa mageti, za pauni ishirini. Hapana kaka. Zile zinaongea FM, ndege zinaongea AM, ukibonyeza watu watasikia mkwaruzo tu au wasisikie kitu. Na usidhani AM ni ushamba wa marubani, ina maana yake: kwenye FM wawili wakibonyeza pamoja mwenye nguvu anamfunika mwenzake na hakuna anayejua kama kuna mtu alikuwa anaongea, kwenye AM unasikia mlio unapiga kelele, unajua hapo wamegongana wawili, unaomba warudie. Huyo aliyefunikwa anaweza kuwa anasema injini imezima.

Haya, leseni. Hapa watu wengi wanachanganya na mimi nilichanganya. Ziko mbili. Kuna ya kwako wewe mdomo wako, ile FRTOL, leseni ya kuongea kwenye redio ya ndege, mtihani wa kuandika na ule wa kuongea, nadhani we umeshamaliza, maana mwanafunzi anaruhusiwa kuongea akiwa mafunzoni tu lakini sasa hivi we siyo mwanafunzi tena. Halafu kuna ya redio yenyewe, hiyo unaomba Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya huku, na kwa redio ya mkononi kuna aina yake maalumu ya redio inayobebeka, inaandikwa kwa jina lako siyo kwa ndege, kwa hiyo leo ukipanda ya klabu kesho ya rafiki unahama nayo, unatumia namba ya ndege uliyomo. Inaombwa onlaini. Bila hiyo ukibonyeza tu umevunja sheria ya mawasiliano ya redio ya 2006, hata kama redio imeidhinishwa na we una mdomo mzuri kama mtangazaji. Na usije ukakaa nayo sebuleni kumwonyesha shemeji jinsi ndege zinavyoongea, kucheka utacheka lakini kwa sheria za huku hata kusikiliza mazungumzo yasiyokuhusu hairuhusiwi. Watu wanafanya, najua. Mi nakwambia tu.

Na ya mkononi ibaki ya mkononi. Usianze kuichomeka kwenye dashibodi kwa skrubu na kuchukua umeme wa ndege, hapo umeshaibadilisha ndege na ni habari nyingine ya kuongea na mkaguzi wa BMAA, chama cha maikrolaiti cha huku.

Sasa nichague ipi, ndo swali lako. Mi naona watu wanalipia vitu ambavyo hawatavitumia. IC-A25NE ina VOR, yaani inasoma mitambo ya ardhini ya kuonyesha njia, na GPS na Bluetooth, nzuri sana, nimeishika ya jamaa mmoja pale klabuni, kioo kikubwa, lakini we kwenye maikrolaiti VOR ya nini, na GPS unayo kwenye simu na kwenye tableti. Mi nimechukua ya kuongea tu, FTA-250L ya Yaesu, na IC-A16E ni hivyohivyo, chagua ile inayokukaa mkononi ukiwa umevaa glavu. Nasema glavu kwa sababu Februari juu kule vidole vinakuwa vya mtu mwingine, vitufe vidogo huvioni wala huvisikii. Usibabaishwe na wati 5 au wati 6 kwenye boksi, hiyo ni nguvu ya kilele, nguvu ya kawaida ni kama wati moja na nusu tu, zote ziko palepale.

Hela uliyobakiza weka kwenye vitu viwili, waya wa kuunganisha hedseti na antena. Hapa nisikilize vizuri maana mimi nilikuwa na redio halali, leseni zote mbili, kila kitu sawa, na bado sikusikika. Siku ya kwanza na Yaesu mpya nimeruka, redio nimeibana kati ya mapaja, ile antena fupi ya mpira imelala karibu na bomba la chuma la ndege, nikaomba wanipime sauti. Kule chini wanapima moja mpaka tano. Jamaa akajibu, nakusikia mbili, halafu baadaye, mbili na nusu kama unataka nikupendelee. Nilivyogeuka kurudi kiwanjani akanisikia tatu kwa sababu tu pua ya ndege ilikuwa imemwelekea. Masafa haya yanakwenda kwa kuonana, ukiwa futi 2000 hewani hesabu inakupa zaidi ya maili 50 za baharini, lakini hiyo ni hesabu, antena ya mpira iliyozungukwa na mabomba na miguu ya mtu inakula karibu yote. Baadaye fundi wa klabu akanipangia antena ya nje, kwa utaratibu, na karatasi zake, nikaiunganisha kwenye ile tundu ya antena juu ya redio, wanaiita BNC. Tano. Siku ya kwanza tu, tano, na nilikuwa mbali zaidi ya mwanzo.

Na waya wa hedseti unahitaji na kile kitufe cha kubonyezea, kifunge kwenye usukani pale dole gumba linapofika lenyewe. Mi mwanzo nilikuwa nabonyeza kitufe cha redio yenyewe, mkono mmoja umeshika usukani mwingine uko mapajani unatafuta, na ndege haingoji. Halafu jaribu yote hayo injini ikiwa inanguruma, siyo ukiwa umeegesha. Ukiwa umezima kila redio inaongea vizuri, ukiwasha ndo unasikia plagi za injini zinapiga tik-tik-tik ndani ya masikio na upepo unaingia kwenye maiki.

Betri: ya lithiamu ni nzuri ila ulizia kama redio hiyo ina kisanduku cha kuwekea betri za AA, uweke na betri mpya ndani ya mkoba. Siku lithiamu imeisha kwa sababu ulisahau kuchaji hutaki kugundulia juu. Na kabla hujafikiria chaneli nyingine hifadhi 121.5, ile ya dharura, kwenye kumbukumbu ya kwanza, hiyo bado ni ya upana wa zamani, na wale wa kituo cha kuongoza ndege cha Swanwick wanaisikiliza saa 24, ukipotea wanaweza kukuambia uko wapi kwa kufuata sauti yako tu. Unaweza hata kuwaomba zoezi la kupotea, wanapenda. Mi nilifanya mwaka jana, yule dada akanisomea nilipo kabla sijamaliza kumeza mate.

Kuhusu lile wazo lako la kununua redio ya pili umpelekee binamu yako Arusha, subiri. CE ya huku siyo kibali cha nyumbani, kule redio inapaswa kuidhinishwa na TCRA na masafa yana leseni yake, kwa hiyo aanze yeye kuwauliza akiwa na jina kamili la redio, wakimwambia sawa ndo ununue. Ukiibeba kimyakimya kwenye begi halafu forodha wakaifungua, redio ya kurusha mawasiliano yenye antena, utakaa pale uwanjani unaeleza mpaka ndugu waliokuja kukupokea warudi nyumbani. Na siku ikiruhusiwa kusafiri nayo, betri ya akiba ni ya kubeba mkononi, siyo kwenye begi la chini.

Jumamosi kama hali ya hewa ni ya kibinadamu nitakuwa kiwanjani kuanzia saa nne asubuhi. Njoo na hedseti yako tuone plagi zake kama zinaingia kwenye waya wangu, tuichomeke tuwashe injini uisikie mwenyewe. Na ile ya kabatini nitakuja nayo pia, uizungushe kile kifundo uone inavyoruka ile 480. Nisalimie shemeji na umwambie zile sambusa safari hii azitie pilipili, za mwisho zilikuwa za Kizungu kabisa.

Ni mimi ndugu yako,
Hamisi