Risala ya klabu ya afya kwa mgeni rasmi: Daktari Hawa Abdi na chumba chake kimoja

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mganga Mkuu wetu wa Wilaya, mwalimu mkuu, walimu, wazazi mliokaa huko nyuma juani (tunaomba radhi, turubai halijatosha), na wanafunzi wenzetu, shikamoni na asalam aleikum.

Kwanza tunashukuru umefika, maana mahafali haya yameahirishwa mara mbili mpaka risala ikaanza kukunjika kwenye daftari. Klabu yetu ina wasichana 31 na wavulana 6, na kila mwaka risala inakua ya kuomba tu, madawati, tangi la maji, basi. Safari hii tukasema tukuelezee kwanza habari za daktari mmoja tuliyemsoma muhula mzima, anaitwa Hawa Abdi, wa Somalia. Wavulana walilalamika eti kwanini Msomali, wa kwetu hawapo? Wapo. Ila huyu walivomsikiliza mpaka mwisho wakanyamaza wenyewe.

Hawa alizaliwa Mogadishu mwaka 1947. Alikua bado mtoto mama yake akafariki kwa matatizo ya uzazi, na yeye ndo mkubwa, kwahiyo akabaki na wadogo zake kuwalea, huku moyoni kashaamua atakua daktari. Akapata ufadhili wa kwenda kusoma udaktari Kiev, kipindi hicho ni Umoja wa Kisovieti, akarudi akiwa mmoja wa madaktari wanawake wa kwanza kabisa wa magonjwa ya kina mama nchini kwao. Alafu hakutosheka, akasomea na sheria, huku anatibu na analea.

Sasa hapa ndo tunapopenda sisi. Mwaka 1983 akafungua kliniki ya chumba kimoja kwenye shamba la familia, njia ya kutoka Mogadishu kwenda mji wa Afgooye, ili akina mama wa vijijini wajifungue salama bila malipo. Chumba kimoja tu mheshimiwa. Januari 1991 serikali ya rais wao Siad Barre ikaanguka, vita vya koo vikaanza, watu wakakimbia mjini wakaja kulala chini ya miti ya shamba lake, yeye akawapokea, kesho wakaja wengine, akauza dhahabu ya familia anunue chakula, na kile chumba kikawa hospitali, shamba likawa kambi, mpaka ilipofika miaka ya njaa kubwa ya 2011 walikua wanakadiriwa watu 90,000 na wengi wao wanawake na watoto. Hiyo ni kata ngapi za hapa kwetu, mtatusaidia kuhesabu.

Na masharti yake yalikua mawili ya kueleweka. Moja, hapa hakuna kuulizana ukoo. Pili, hakuna kupiga mke, na mwanaume akimpiga anafungiwa kwenye stoo iliyogeuzwa mahabusu. (Wazazi wa kiume tunaona mnacheka, sawa.)

Mei 2010 wapiganaji wa Hizbul Islam, kundi la waasi wenye msimamo mkali wa kidini, wakavamia hospitali, mamia ya vijana na bunduki, wakamwambia mwanamke hawezi kusimamia sehemu kama ile awakabidhi. Mama wa miaka sitini na kitu. Akawajibu kwamba ni kweli yeye ni mwanamke lakini ni daktari, akawauliza na nyie mmeifanyia nini jamii? Wakavunja vifaa, wakamzuia ndani ya nyumba yake, lakini wanawake wa kambini wakatoka kuandamana, Wasomali walioko nje nao wakapiga kelele, jamaa wakaona aibu wakaondoka. Yeye akagoma kufungua hospitali mpaka wamwombe msamaha kwa maandishi. Na wakaandika! Sisi darasani tulipofika hapo tulishindwa kuendelea na kikao, kila mtu anaongea.

Binti zake Deqo na Amina nao wakawa madaktari wakafanya kazi naye palepale. Mwaka 2012 alipendekezwa kwa tuzo ya Nobel ya amani, hakuipata. Alifariki Mogadishu mwezi wa nane 2020 akiwa na miaka 73.

Mheshimiwa, tumekuchosha ila tunafika. Zahanati yetu unaijua kuliko sisi. Usiku mama akishikwa uchungu nesi anashika tochi ya simu kwa meno, hatulaumu mtu, tunasema tu tulichokiona tulipoenda kufanya usafi. Tunaomba sola ya chumba cha kujifungulia hata kama ni ya taa mbili. Tunaomba pia daktari mwanamke aje hapa shuleni japo mara moja kwa muhula, kuna maswali wasichana hatuwezi kumuuliza mwalimu wa baiolojia, ni mwanaume na ni mjomba wa nusu ya darasa.

La mwisho, kile chumba nyuma ya jiko kilichokua stoo ya majembe, uongozi wa shule umeshakubali kiwe chumba cha huduma ya kwanza. Tumeshakifagia na kukipaka chokaa, kilichobaki ni kitanda, sanduku la dawa na mtu wa kutufundisha kufunga jeraha. Funguo ninayo mimi katibu, tunaomba baada ya chakula upite ukakione kabla hujapanda gari.

Naomba kuwasilisha.