Kufuta madeni ya nchi maskini sio sadaka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu yule msomaji aliyesema kanisa libaki na injili, mambo ya madeni ya nchi na uchumi wa dunia liwaachie wataalamu. Kwa kweli imeniuma, maana wanaosema hivi ni watu wanaoshika Biblia kila Jumapili, sasa sijui Mambo ya Walawi 25 huwa wanairuka au vipi.

Pale Mungu hasemi tajiri akijisikia huruma basi asamehe. Anapanga tarehe kabisa. Kila mwaka wa 7 madeni yanafutwa (Kumbukumbu la Torati 15), mwaka wa 50, yaani yubile, baragumu inapigwa, shamba linarudi kwa ukoo uliolipoteza na aliyejiuza utumwa anarudi kwao, mdai apende asipende. Halafu kuna kifungu kidogo cha Kumbukumbu la Torati 24:6 ambacho sijawahi kukisikia kikihubiriwa, kinasema usichukue jiwe la mtu la kusagia kuwa rehani, kwa sababu ukilichukua hilo umechukua uhai wake. Yaani deni lipo, hakuna anayelikana, ila lina mpaka, huwezi kudai mpaka unamnyang'anya mtu kile anachopatia unga wa watoto. Sasa angalia leo, Umoja wa Mataifa wenyewe unasema watu zaidi ya bilioni 3 wanaishi kwenye nchi ambazo serikali inalipa riba nyingi kuliko inachoweka kwenye afya au kwenye elimu. Riba tu hiyo jamani, deni lenyewe bado liko palepale.

Na msomaji asidhani haya ni mahesabu ya juu yasiyo na sura ya mtu. Zambia ilikopa Romania mwaka 1979 kununua matrekta na mashine za kilimo, ikashindwa kulipa. Mwaka 1999 nchi hizo mbili zikiwa kwenye mazungumzo ya kulimaliza lile deni kwa bei ndogo, ikaingia kampuni moja ya wawekezaji ikalinunua kutoka Romania kwa kama dola milioni 3, afu baadaye ikaenda mahakamani London ikaidai Zambia zaidi ya milioni 50. Mwaka 2007 jaji akaipa kama milioni 15. Sheria yenyewe ndo iliruhusu, na hapo ndo penye shida yenyewe. Nabii Isaya (10:1-2) alishawaona watu wa namna hii, aliwaambia ole wao wanaoweka amri zisizo za haki ili kuwapokonya maskini haki yao, wala hakuwa anaongelea majambazi wa barabarani, alikuwa anaongelea waandika sheria.

Kampuni ikifilisika inaenda mahakamani, madeni yanapangwa upya, maisha yanaendelea. Nchi haina mahakama kama hiyo popote duniani, inabidi izunguke kwa wadai mmojammoja ikiomba. Zambia hiyohiyo ilishindwa tena kulipa Novemba 2020, ikakubaliana na serikali zinazoidai Juni 2023 na wenye hatifungani (hati za mkopo ambazo serikali huwauzia wawekezaji) mwaka 2024, yaani karibu miaka minne watu wanasubiri. Na pale Shirika la Fedha la Kimataifa maamuzi makubwa yanahitaji asilimia 85 ya kura, Marekani peke yake ina zaidi ya asilimia 16, kwa hiyo ikikataa imekataa. Mkopaji anakaa kwenye meza ambayo kanuni zake ziliandikwa na mdai.

Najua atakayesema pesa zenyewe zililiwa na viongozi wetu. Ni kweli, nyingi zililiwa, na mimi siwatetei hata kidogo. Lakini soma Nehemia 5, watu walikuwa wameweka rehani mashamba na wengine wamekopa ili walipe kodi ya mfalme, watoto wao wakawa watumwa, na Nehemia hakuanza na mfalme wa mbali, alianza na wakubwa wa palepale nyumbani akawakemea mbele ya mkutano mzima mpaka wakarudisha mashamba, nyumba na ile riba. Kwa hiyo kanisa liwakemee wote wawili, anayekopa akaiba na anayekopesha huku anajua zitaibiwa. Ila yule mtoto anayekosa dawa hakusaini mkataba wowote.

Isitoshe kanisa limeshawahi kuifanya hii kazi na ikazaa matunda. Kampeni ya Jubilee 2000, iliyodai madeni ya nchi maskini yafutwe, ilichota wazo lake kutoka Walawi 25 hiyohiyo, na Mei 1998 watu kama 70,000 walishikana mikono kuzunguka mji wa Birmingham wakati wakubwa wa G8, yaani kundi la nchi nane zenye nguvu, wanakutana. Baada ya presha ile, nchi 37 zilifutiwa zaidi ya dola bilioni 100 kwa jumla. Tanzania ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2001, mwaka uleule ilipomaliza hatua za kupata msamaha. Tatizo ni kwamba yalifutwa madeni, kanuni zikaachwa vilevile, ndo maana tumerudi tulipokuwa.

Ninachoomba ni kitu kimoja ambacho kinawezekana. Hatifungani nyingi za nchi maskini zinasimamiwa na sheria ya Uingereza au ya New York. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2010 ya kuwazuia wadai binafsi kudai zaidi ya kile wadai wengine walichokubali, lakini inahusu yale madeni ya zamani tu, haya mapya hayamo. Makanisa yetu yana ndugu huko, dayosisi rafiki, waumini wanaopiga kura. Maaskofu na wachungaji wetu wakiandikiana nao waache kuomba mabati na vitabu tu, waombe wabunge wao wapanue sheria hiyo ifike mpaka kwenye madeni ya leo, na New York nao watunge ya kwao.

Wako katika Kristo,
Msomaji