Kwa mdogo wangu wa Maskati, kuhusu siku tuliyoila Kariakoo nzima

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Simu zangu hupokei, ujumbe wangu unasoma na kunyamaza, basi nakuandikia huku ambako najua unapita. Mtoto wa mamdogo kaniambia ulimtumia ile niliyoandika kuhusu bei ya nazi. Kama ya nazi uliisoma, na hii utaisoma.

Kwanza, tulikula. Hilo hatubishani. Kuanzia supu ya asubuhi pale Narung'ombe, wewe na bakuli lako la makongoro, unanyonya mfupa huku pilipili inakutoa machozi, unaomba ndimu nyingine, unamwambia muuzaji kwamba Maskati mbuzi wapo tele ila supu hawaijui. Watu wa benchi zima wakacheka. Nikamwona yule mtoto aliyekuwa akipigania vitumbua vilivyoungua kwa sababu vya kuuza vilikuwa haviguswi. Nilifurahi, wallahi. Nilisema moyoni, leo yataisha.

Ukataka kuliona soko. Uliondoka hata mwendokasi ulikuwa bado habari za magazetini, na soko lilipoungua usiku ule wa Julai 10, 2021, mama ndiye aliyekupigia simu, tena kabla hajatupigia sisi wa Magomeni. Likumbuke hilo unaposema nyumba yetu haikupi habari. Ukasimama unayatazama mapaa ya Beda Amuli, ile miamvuli ya zege tuliyoikuta tangu tunapata akili, ipo pale toka 1975, halafu ukaniuliza meza ya mama ilikuwa wapi hasa. Nikakuonyesha. Sasa pale hapana meza. Mwaka uleule wa moto, mwezi wa kumi, machinga walipoondolewa kandokando ya barabara, naye aliondoka nao. Hayo ulikuwa unayajua. Usilolijua ni kwamba hakuacha. Alikaanga nyumbani, na mimi ndiye niliyekuwa napanda mwendokasi na hotpoti mbili kabla jua halijachomoza, duka kwa duka, wateja wake walewale, kisha ndiyo niende kazini nikanuke iliki mpaka jioni. Sikukwambia pale sokoni kwa sababu ulikuwa na furaha na sikutaka ionekane najisifu.

Halafu yule mama wa Mtaa wa Sikukuu, aliyejifunzia vitumbua ubavuni kwa mama. Alikupa sahani na chai ya maziwa, akakataa hela, akasema mtoto wa marehemu halipi hapa. Nawe ukachomoa wekundu wa Msimbazi watatu ukawabana chini ya kisosi, watu wanaona. Najua ulitaka wema. Lakini mtu akikukirimu, unamshukuru, unamwombea, unanyanyuka. Kesho yake alinifuata mpaka nyumbani kunirudishia, zimekunjwa vilevile ulivyozikunja. Ninazo.

Juisi ya miwa ya Mtaa wa Kongo siihesabu, wewe mwenyewe ulisema wameizidisha barafu. Wali wa nazi na changu wa mchana ulikuwa mzuri. Ukabakiza nusu, jambo ambalo mama asingelivumilia, ila tuliache.

Ilala je? Tulipofika upande wa Bungoni ukasema unataka mishikaki, kumbe mishikaki ilikuwa kisingizio. Ukaagiza bia, Safari ya baridi. Mimi na Stoney yangu nikageuza uso nikawa nahesabu bajaji zinazopita. Nilikuahidi sitamwambia mtu, na sijamwambia mtu mpaka leo. Mjomba akijua, atakusomea hadithi hata kwa simu. Hilo halikuniudhi hata kidogo. Tulicheka mno pale, ulimwigiza baba anavyopiga chafya, nikamwaga soda kwenye gauni.

Lililoniudhi unalijua.

Tumerudi Mkunguni, kwenye kile kijiwe cha kahawa, alasiri imeshaswaliwa. Kijiwe cha wanaume, nami nikakaa kwa ajili yako tu, mwisho wa benchi, nimefunga ushungi wangu. Birika lipo juu ya makaa, kashata kwenye sinia, wawili wanacheza drafti. Yule mzee mwenye kofia ya viua akakuuliza kwa heshima zake, "Na huyu bibie ni nani wako?" Ukanyanyua kikombe kunielekea, unatabasamu, ukasema: "Huyu ndiye dada yangu aliyenizikia mama."

Drafti ilisimama. Mzee akasema "innalillahi" kwa sauti ya chini, akaangalia viatu vyake. Muuza kahawa akanijazia kikombe ambacho hakijaisha. Nawe ukaendelea kutabasamu, ukala kashata.

Mdogo wangu, nakushauri kama dada: machungu ya ndani usiyatoe mbele ya watu usiowajua, kwa sababu wao wataondoka nayo na wewe hutakuwepo kuyaeleza. Wale wazee nakutana nao. Napita pale karibu kila siku. Sasa kwao mimi ni yule mwanamke aliyemzika mama wa mwenzake, kana kwamba mama alikuwa wako peke yako.

Nikueleze basi, maana siku ile nilinyamaza mpaka kituo cha Gerezani, na ndani ya basi nikanyamaza, ukadhani nimekubali.

Mama alikata roho kabla ya adhana ya alfajiri. Nilikupigia nikiwa koridoni hospitali, kabla ya mjomba, kabla ya mtu yeyote. Haikupatikana. Ulikuwa zamu ya usiku, simu mmeziacha getini, hilo ulinieleza mwenyewe baadaye. Wajomba wakakaa, wakasema baada ya adhuhuri. Mimi ni nani wa kuwaambia maiti asubiri? Na tuseme ungepokea. Pasi yako ilikuwa kwa tajiri wako, ruhusa bado, na kutoka Maskati mpaka hapa ni zaidi ya saa tano angani hata ukikuta ndege imekungojea mlangoni. Ungefika usiku, umkute ameshalazwa. Hesabu hiyo niliifanya palepale koridoni, nimeifanya tena mara nyingi, na jibu ni lilelile.

Ulipopiga, jeneza lilikuwa linatoka. Ukaniomba nikuonyeshe uso kwa simu. Nilikataa, na leo ningekataa tena. Mama alikuwa hapigwi picha bila ushungi hata na wewe mwanawe wa kiume. Nimwonyeshe amevalishwa sanda, kwenye kioo, yaje kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp? Ulikata simu. Haya.

Tena unasema nimekuzikia. Mimi kaburini nilifika? Walikwenda wanaume. Mimi nilibaki ndani na mashangazi, nasikia tahlili inakwenda inapungua, inapungua, halafu pikipiki. Kaburi nimeliona siku nyingi baadaye, nimepelekwa na mtoto wa jirani ambaye alikuwepo na mimi sikuwepo. Kwa hiyo kama ni kukosa, tumekosa wote wawili. Nilichokipata mimi ni kumwosha. Nilimmiminia maji, nilimchana nywele. Hicho sikuwa na namna ya kukugawia. Ungekuwa hapa Magomeni, umelala chumba cha pili, bado usingekipata, wewe ni mwanamume.

Basi ukija tena, njoo. Supu ipo. Kijiweni utakwenda peke yako, na yule mzee utamrekebishia maneno yako mwenyewe kwa kinywa chako, mimi sitaki kuwepo. Elfu thelathini za Sikukuu nitakukabidhi ukazirudishe kwa njia nyingine. Mnunulie yule mama mchele au unga, atapokea. Na dawa za presha unywe, mtoto wa mamdogo kaniambia umeziacha.

Nimesikia pia unamuuliza mjomba nani amechukua chuma cha vitumbua. Ninacho mimi. Nakitumia kila Ijumaa. Ukikitaka, niombe mimi, namba yangu unayo.

Dada yako.