Andy Fletcher alikuwa na kazi katika Depeche Mode

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nitoe maoni yangu kuhusu makala mliyochapisha hivi karibuni juu ya safari ya bendi ya Depeche Mode ya Uingereza. Makala ile ilikuwa na mengi mazuri, na ilidhihirika kwamba mwandishi wake amezisikiliza albamu za bendi hiyo kwa makini. Lakini alipofika kwa marehemu Andy Fletcher alimpa sentensi moja tu, kwamba alikuwa mtu wa kusimama nyuma ya kinanda na kupiga makofi, na kwamba mwenyewe aliwahi kukiri mbele ya kamera kuwa hakuwa na kazi yoyote. Sentensi hiyo imeniumiza, nami nimeona nisinyamaze.

Ni kweli kwamba Fletcher aliyasema maneno yanayokaribiana na hayo. Katika filamu ya 101, iliyoongozwa na D. A. Pennebaker, anaeleza kwamba Martin Gore ndiye mtunzi, Alan Wilder ndiye mwanamuziki hodari, Dave Gahan ndiye mwimbaji, naye mwenyewe yupoyupo tu. Watu wameyarudia maneno hayo kwa zaidi ya miaka 30 kana kwamba ni ushahidi uliotolewa mahakamani. Filamu hiyo inafuatilia ziara iliyomalizika tarehe 18 Juni 1988 katika uwanja wa Rose Bowl huko Pasadena, California, mbele ya watu zaidi ya 60,000, na jina lake limetokana na onyesho hilo kuwa la 101 katika ziara. Vijana wanne waliotegemea vinanda, bila mpiga ngoma, walikuwa wameujaza uwanja wa mpira wa Marekani. Anayesema katika ziara kama hiyo kwamba yeye yupoyupo tu anawaachia wenzake sifa, na si haki kulichukua neno lake la unyenyekevu na kumwandikia nalo wasifu.

Mimi ni mhazini wa kwaya kwa mwaka wa kumi na tano sasa. Siimbi vizuri, na kila mgeni anayetutembelea huniuliza naimba sauti ya ngapi. Kwa hiyo nakiri kwamba jambo hili linanigusa, lakini hoja yangu haitegemei hisia zangu. Inategemea historia ya bendi yenyewe, ambayo naomba niirejee.

Depeche Mode ilianzia Basildon, katika jimbo la Essex, mji mpya uliojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa ajili ya familia nyingi zilizohamia kutoka mashariki mwa London. Fletcher na Vince Clarke, mtunzi mkuu wa bendi katika siku zake za mwanzo, walifahamiana tangu utotoni katika kikosi cha vijana wa kanisa, na Fletcher na Gore walisoma shule moja. Wakati watatu hao walipokuwa wakijiita Composition of Sound, Fletcher alikuwa akipiga gitaa la besi, na aliliacha pale kundi lilipoamua kutumia sinthesaiza, yaani vinanda vya kielektroniki, peke yake. Gahan alijiunga nao mwaka 1980, na ndipo likaja jina la Depeche Mode, lililochukuliwa kutoka gazeti la mitindo la Ufaransa. Gore alikuwa karani wa benki na Fletcher alifanya kazi katika kampuni ya bima, na wote wawili waliendelea kwenda ofisini mpaka mwaka 1981, wakati wimbo wa “New Life” ulipokuwa tayari unapanda chati za Uingereza hadi nafasi ya 11.

Tuangalie sasa namna walivyoingia katika biashara ya muziki, kwa sababu hapo ndipo makala yenu ilipopita mbio mno. Daniel Miller, aliyekuwa na lebo ndogo ya Mute, yaani kampuni ya kutoa muziki, aliwasikia katika baa ya Bridge House, Canning Town, na makubaliano yao yakawa ya kupeana mikono tu. Hapakuwa na mkataba wa maandishi. Gharama zilitolewa kwanza, kisha faida ikagawanywa nusu kwa nusu. Kampuni kubwa zilikuwa zikiwatamani, lakini walimchagua Miller. Kwa miaka mingi iliyofuata, bendi iliyokuwa ikiuza mamilioni ya nakala haikuwa na meneja kamili wa aina iliyozoeleka. Ni nani basi aliyesoma hesabu, akapokea simu za wanasheria na mawakala, akajua ziara itagharimu kiasi gani na nani anadai nini? Ni Fletcher, yule karani wa bima. Gore hakupenda mambo hayo, Gahan hakuyapenda, na Wilder alikuwa amezama studio. Bendi isiyo na mkataba huishi kwa kuaminiana, na katika kundi lolote lazima awepo mtu wa kuutunza uaminifu huo siku zote, hata siku ambazo wengine hawasemezani.

Clarke aliondoka mwishoni mwa mwaka 1981, akiwa ndiye aliyetunga nyimbo zote za albamu yao ya kwanza, Speak & Spell, isipokuwa mbili za Gore. Wimbo wake wa “Just Can’t Get Enough” ulikuwa umefika nafasi ya 8. Wengi waliamini kwamba bendi imekwisha. Mwezi Januari 1982 watatu waliobaki walitoa “See You”, wimbo wa Gore, nao ukafika nafasi ya 6, juu kuliko wimbo wowote ambao Clarke aliwaandikia. Clarke naye alifanikiwa sana, kwanza na Alison Moyet katika Yazoo na baadaye na Andy Bell katika Erasure, kwa hiyo hakuna aliyepoteza. Ila inafaa kukumbuka kwamba Gore, kijana mwenye haya aliyetupiwa ghafla mzigo wa utunzi, alikuwa pamoja na rafiki yake wa shuleni.

Sitaki kumtetea Fletcher kwa kumnyima mwingine haki yake, na kuna mtu wa pili ambaye makala yenu ilimpa chini ya alichostahili. Alan Wilder alipatikana kwa tangazo katika gazeti la Melody Maker lililotaka mtu aliye chini ya miaka 21. Yeye alikuwa na 22, akapunguza umri wake. Alipiga katika ziara, lakini hakuruhusiwa kushiriki katika albamu ya pili, A Broken Frame, kwa sababu wale watatu walitaka kuthibitisha kwamba wanaweza wenyewe bila Clarke. Alianza kusikika kwenye albamu ya Construction Time Again ya mwaka 1983, na hapo ndipo bendi ilipobadilika kabisa. Walitoka studio na kwenda kwenye majengo yaliyokuwa yakijengwa na kubomolewa mashariki mwa London, wakagonga mabati na mabomba kwa nyundo, wakairekodi milio hiyo, kisha wakaipiga kwa vibonye vya kinanda kana kwamba ni noti za kawaida. Walikwenda kuichanganya albamu katika studio za Hansa, Berlin, karibu na ule Ukuta uliougawa mji. Anayesema kuwa muziki wa sinthesaiza hauna jasho asikilize “People Are People” ya mwaka 1984, wimbo ulioshika nafasi ya kwanza Ujerumani Magharibi, asikie vile vyuma vinavyogongana.

Mfano ulio bora kuliko yote ni “Enjoy the Silence”. Gore aliuleta ukiwa wimbo wa polepole, sauti yake na kinanda cha upepo tu. Wilder ndiye aliyesikia kwamba ndani yake kuna wimbo wa kuchezeka, akapendekeza uongezwe mwendo na kuwekewa mdundo, na Gore alipinga mwanzoni kwa sababu aliona wimbo unaosifu ukimya haupaswi kupigiwa ngoma. Wilder na prodyuza Flood waliufanyia kazi hivyo hivyo. Ulifika nafasi ya 6 Uingereza na ya 8 Marekani mwaka 1990, ukapata tuzo ya Brit, tuzo ya muziki ya Uingereza, mwaka uliofuata, na albamu iliyoubeba, Violator, ndiyo ambayo hata wasioijua bendi huitambua kwa lile ua jekundu la jaladani. Jina la Wilder halimo kwenye utunzi wa wimbo huo, kwa kuwa maneno na tuni ni vya Gore. Mwaka 1995 alipotangaza kuondoka, alisema wazi kwamba kazi yake haikupata heshima iliyostahili, na naamini alisema kweli.

Najua jibu ambalo mwandishi wenu anaweza kunipa. Mwaka 1994, katika sehemu ya mwisho ya ziara ndefu ya albamu ya Songs of Faith and Devotion, Fletcher alikuwa amelemewa na msongo wa mawazo hata akarudi nyumbani, na nafasi yake jukwaani ikachukuliwa na Daryl Bamonte, mtu wa karibu wa bendi aliyefundishwa sehemu zake. Maonyesho yaliendelea. Kwa hiyo, atasema, hakuwa wa lazima. Mimi nasoma tukio hilo kwa namna tofauti. Sehemu za kinanda ziliweza kufundishwa kwa siku chache, lakini tazameni hali ya bendi katika miaka iliyofuata: Wilder aliondoka, Gahan akazama katika dawa za kulevya hadi moyo wake ukasimama kwa dakika mbili hivi huko Los Angeles mwezi Mei 1996, na Gore alikuwa akihangaika na pombe. Fletcher, aliyekwisha kupata nafuu, alikuwa miongoni mwa watatu waliorudi pamoja kuimaliza Ultra, albamu iliyoshika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 1997. Baada yake zilikuja albamu tano akiwa bado yumo, na katika muda huo Gahan naye alianza kudai nyimbo zake zisikike kando ya zile za Gore. Watu wawili wenye madai kama hayo hawakai pamoja miaka 20 bila mtu wa tatu wa kuwasikiliza wote wawili na kutoa kura ya mwisho.

Fletcher alifariki tarehe 26 Mei 2022 akiwa na umri wa miaka 60, kabla ya kazi ya studio ya albamu ya Memento Mori kuanza. Gore na Gahan wameeleza hadharani kwamba baada ya msiba huo walilazimika kujifunza kuzungumza wao kwa wao, moja kwa moja, jambo ambalo kwa miaka mingi halikuwa la lazima kwa sababu alikuwepo mtu katikati yao. Sijui ushahidi gani mwingine unahitajika. Katika ziara iliyofuata, iliyoanza Machi 2023, kila walipopiga “World in My Eyes”, wimbo alioupenda, picha ya uso wake ilijaza kioo kikubwa nyuma ya jukwaa.

Naomba basi, Ndugu Mhariri, mtakapoiandika tena historia ya bendi hii, mwandishi wenu aeleze hesabu na simu na yale makubaliano yasiyo na karatasi, na amtaje kwa jina aliyeyashughulikia.

Wenu katika kupenda muziki,
Msomaji wenu wa siku nyingi,
Tanga