Upinde wa roda upimwe kwa mwili wa mwindaji kabla ya kununuliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu Waafrika Mashariki wanaojifunza kuwinda kulungu kwa upinde hapa Marekani. Mwandishi aliwatia moyo vijana wetu, na kwa hilo nampongeza. Hata hivyo, aliposema kwamba upinde wa kisasa hufanya kazi yote wenyewe, na kwamba anayeanza anunue wenye nguvu kubwa kadiri mfuko wake unavyoruhusu, alitoa ushauri utakaowaumiza watu mabega na kuwaacha wanyama porini wakiwa na majeraha. Nimewinda kwa upinde katika jimbo la Missouri kwa misimu 11, na msimu wangu wa kwanza uliharibika kwa sababu ya ushauri kama huo.

Upinde unaozungumziwa wengi huuita kompaundi. Mimi huuita upinde wa roda, kwa kuwa ncha zake mbili zina magurudumu yanayopitisha kamba kama roda za kupandishia tanga. Ulibuniwa humuhumu Missouri mwaka 1966 na Holless Wilbur Allen, akapewa hataza yake mwaka 1969. Magurudumu ya siku hizi si ya mviringo kamili, na umbo lake hilo ndilo linalomfanya mvutaji akutane na uzito wote katikati ya kuvuta, kisha auone ukishuka ghafla anapofika mwisho. Upinde wa pauni 60 (hiyo ni nguvu ya kuuvuta, si uzito wa upinde wenyewe) unaopunguza uzito kwa asilimia 80 humwachia mwindaji pauni 12 tu za kushikilia wakati analenga. Hapo ndipo watu wanapodanganyika, kwa sababu wakiona kushikilia ni kwepesi hudhani upinde wowote utawafaa. Upinde wa mti waliotumia babu zetu humfuata anayeuvuta: mwenye mkono mfupi huishia hapa, mwenye mkono mrefu huendelea mbele. Upinde wa roda una mwisho mmoja tu wa mvuto, na mwisho huo umewekwa na roda wala si na mkono wa mtu. Ndiyo maana hauazimwi kama jembe.

Wangu wa kwanza niliununua ukiwa umeshatumika, kwenye duka ambalo halikunipima kitu. Nilipouliza kama utanifaa, niliambiwa nitauzoea. Ulikuwa umepangwa kwa mvuto, yaani urefu wa kuvutwa, wa inchi 30 na uzito wa pauni 70. Baadaye sana nilielezwa kwamba mtu husimama akanyoosha mikono yote miwili kama anayetaka kukumbatia mlango, akapimwa kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja hadi cha mkono wa pili, na kipimo hicho kikagawanywa kwa 2.5. Mimi nina inchi 70, kwa hiyo mvuto wangu ni inchi 28. Inchi mbili zaidi zaonekana ndogo kwenye utepe wa fundi cherehani, lakini kwenye upinde zilinilazimisha nifunge kiwiko cha mkono wa kushoto, upote, yaani kamba ya upinde, ukawa unanichuna ngozi kila nilipoachia mshale, na kichwa nikawa nakirudisha nyuma ili jicho lipate lile tundu dogo la kulengea lililofungwa kwenye upote. Mtu anayetafuta tundu kwa shingo hatalipata mahali palepale mara mbili, na mishale yake itatawanyika kushoto na kulia hata kama mkono wake ni mtulivu.

Zile pauni 70 nazo zilinifanya niuelekeze upinde angani kila nilipouvuta, kwa kuwa mabega yangu hayakuweza kuuvuta ukiwa umenyooka kuelekea shabaha. Uwanjani hakuna aliyejali. Asubuhi moja ya mwezi Oktoba, baada ya kukaa kwenye dungu juu ya mti zaidi ya saa mbili katika baridi iliyokuwa imekausha misuli, alitokea kulungu jike umbali wa yadi 25. Nikainua upinde juu kama nilivyozoea, akauona ule msogeo, akainua kichwa, nami nikaachia kwa haraka kabla sijatulia. Mshale ulimpiga nyuma mno, tumboni. Nikafanya kosa la pili: nilishuka papo hapo nikamfuata, naye akakimbia mbali kuliko ambavyo angekwenda kama ningemwacha alale. Nilimtafuta mpaka giza likaingia, na kesho yake nikarudi, lakini sikumpata. Jambo hilo bado linaniuma, nalo ndilo lililonifanya niandike barua hii.

Wengi wetu tunatoka katika jamii zenye sifa ya upinde, na ninadhani sifa hiyo hutupotosha kidogo. Mimi ni wa Ukambani. Mshale wa wazee wetu ulipakwa sumu, na ulichohitaji ni kupenya tu, kisha sumu ikamaliza kazi. (Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo nisieleweke kwamba ninamshauri mtu yeyote aende kujaribu haya kule.) Sheria ya Missouri hairuhusu mshale wenye sumu, na mshale usio na sumu huua kwa kukata tu. Hauangushi mnyama kwa kishindo kama risasi. Makali ya kigumba, yaani ncha ya mshale, ni lazima yawe kama ya wembe, nacho kipite katika mapafu yote mawili au moyo, eneo ambalo kwa kulungu ni kama sahani ya upana wa inchi 8 tu. Mtu akilielewa hilo, ataona kwa nini pauni 50 zinazopiga ndani ya sahani zina thamani kuliko pauni 70 zinazopiga nje yake.

Basi anayeanza na atafute fundi wa pinde mwenye mashine ya kuubana upinde, asijaribu kuufungua mwenyewe, kwa kuwa mikono ya upinde, zile sehemu zake mbili zinazopinda, ina nguvu ya kumjeruhi mtu. Ajue kwanza jicho lake lenye nguvu: atengeneze tundu dogo kwa viganja viwili, akitazame kitu cha mbali kupitia hapo akiwa amefumbua macho yote, kisha afumbe moja moja. Jicho linaloendelea kukiona kitu kile ndilo litakaloamua upinde uwe wa mkono wa kulia au wa kushoto. Uzito nao upimwe akiwa ameketi kitini, upinde umenyooka mbele yake, naye auvute polepole bila kuuinua wala kukunja uso. Akishindwa, upunguzwe. Pinde nyingi zina skrubu za kupunguzia uzito, na misuli ikikua miezi ya mbele unaweza kuongezwa. Asiachie upote hata siku moja bila mshale, kwa sababu nguvu ambayo ingekwenda na mshale hurudi katika upinde na kuweza kuuvunja mikononi mwake.

Mishale hudharauliwa kuliko vyote, na hapa nitaomba subira ya wasomaji. Kila mshale hupinda kidogo unapoondoka, na ugumu wake ni lazima ulingane na nguvu ya upinde pamoja na urefu wa mshale wenyewe. Ugumu huo hupimwa kwa kuuweka mshale juu ya vishikizo viwili vilivyoachana inchi 28 na kuning'iniza uzito wa pauni 1.94 katikati; ukibonyea inchi 0.400, huandikwa 400. Kwa hiyo namba kubwa ni mshale laini zaidi, kinyume na wanavyodhani wengi. Watengenezaji huchapisha majedwali ya kuchagulia, na kwa pauni 60 na mvuto wa inchi 28 mara nyingi hiyo 400 ndiyo inayotajwa. Mshale laini mno huruka ukiyumba kama samaki. Mwepesi mno nao ni hatari kwa upinde, ndiyo maana watengenezaji wengi hutaka mshale usipungue greni 5 kwa kila pauni ya uzito wa kuvuta, yaani greni 300 kwa upinde wa pauni 60, karibu gramu 19 na nusu.

Baada ya hapo upinde hurekebishwa kwa karatasi. Mtu hutandaza karatasi kwenye fremu, husimama hatua mbili tatu kutoka hapo na kupiga mshale upite. Tundu la mviringo lenye mikato ya manyoya ya mshale kulizunguka huonyesha mshale umenyooka. Mpasuko wa kwenda juu, chini au pembeni huonyesha kiegemeo cha mshale au mahali pa kuushikia kwenye upote panahitaji kusogezwa. Hatimaye apige vigumba vya uwindaji sambamba na vile vya mazoezi, na kama haviangukii mahali pamoja, bado hajawa tayari.

Mwandishi wenu alisifu pia kupiga kwa umbali wa yadi 60. Kwenye shabaha ya mazoezi sina ubishi. Kwa kulungu, afikirie sauti. Mshale wa futi 270 kwa sekunde huchukua karibu theluthi mbili za sekunde kufika yadi 60, ilhali sauti ya upote hufika katika sehemu moja ya sita hivi ya sekunde. Kulungu aliyeshtuka huinama ili aruke, na katika muda uliobaki mgongo wake unaweza kushuka chini ya mstari wa mshale. Mimi sipigi kupita yadi 30, tena mnyama awe ameonyesha ubavu au amegeuka kidogo kuelekea mbali nami, mguu wake wa upande wangu ukiwa umetangulia. Kutoka kwenye dungu nakunja kiuno badala ya kushusha mkono, na mkanda wa usalama sifungui mpaka miguu iguse ardhi.

Akishapigwa, tutazame damu. Nyekundu yenye povu ni ya mapafu, na nusu saa ya kungoja hutosha. Nyekundu iliyokoza ni ya ini, nayo hudai kungoja kwa muda wa saa nne au zaidi. Yenye uchafu wa kijani ni ya tumbo, na huyo aachwe kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili. Laiti ningelijua hilo asubuhi ile ya Oktoba.

Ninaomba gazeti lako, likirudia mada hii, lichapishe kipimo cha mikono na kile cha kiti kabla ya bei na majina ya pinde. Msimu wa upinde Missouri hufunguliwa tarehe 15 Septemba. Anayetaka kuingia porini siku hiyo apimwe sasa, apige mishale michache kila jioni badala ya mia moja Jumamosi, na mwezi wa Agosti apige akiwa amevaa koti lake la baridi na kuketi kama atakavyoketi kwenye dungu, kwa sababu mkono wa koti hugusa upote, na hilo ni afadhali aligundue akiwa uwanjani.

Msomaji wako,
Missouri, Marekani