Lile tope la kwenye karo lako

Mwaju shoga yangu, mambo vipi, watoto hawajambo? Voisi yako nimeisikia yote. Umeniuliza lile tope la kwenye karo la kuoshea makopo ya plastiki, lile linaloganda kwenye lebo mpaka kopo linateleza mkononi, kama linaweza kuwa na bakteria ambaye hajajulikana bado. Linaweza kabisa, na mi nataka tuangalie kweli.

Ishatokea Japani. Watafiti walienda kwenye kiwanda cha kurejeleza chupa za plastiki, mji wa Sakai, wakazoa udongo, majitaka, tope, sampuli 250, wakaziwekea kipande chembamba cha plastiki ya aina ya hizohizo chupa za maji, yaani anayetaka kuishi ale hiyo. Wakampata mmoja anakula kweli, kwenye nyuzi 30 tu, joto ambalo Dar tunalo bure, na kwa wiki 6 hivi kile kipande kilikuwa karibu kimeisha. Wakatangaza 2016. Ila usitegemee aje akumalizie makopo, plastiki ya chupa yenyewe imekazwa zaidi, anaiweza kwa shida sana.

Sasa kumpata ndo mwanzo, kazi ipo kwenye kujua ni nani. Unampaka kwa mistari kwenye sahani ya maabara ya kuoteshea vimelea, unachukua doa moja lililoota unahamishia sahani nyingine, tena na tena mpaka abaki peke yake, maana hawa wanaishi kwa kushikana na ukiharakisha utakuja kusoma DNA ya wawili ukadhani umepata maajabu. Halafu unasoma jeni moja inaitwa 16S, ambayo kila bakteria anayo, ikifanana na ya ndugu yake wa karibu chini ya asilimia 98.7 hivi, matumaini yapo. Wengi wanashangilia hapo, mi nasema bado, soma jenomu nzima, yaani DNA yake yote, na ukilinganisha mfanano uwe chini ya asilimia 95 hivi. Bado uangalie anakula nini, anavumilia joto gani, mafuta ya kwenye ngozi yake yakoje. Kisha unampeleka akiwa hai kwenye benki mbili za vimelea, nchi mbili tofauti, ili yeyote aweze kumkagua. Huyo wa Sakai yuko Japani na Thailand.

Ndo akaitwa Ideonella sakaiensis. Mji wa viwanda umeingia kwenye jina la Kilatini, hiyo naipenda mno, na sioni kwa nini Vingunguti isiingie siku moja, makopo yote haya ya Dar yanapita hapo kwenu na hakuna anayeangalia kilichomo.

Jumamosi nakuja na kiboksi cha barafu. Waambie vijana wasimwage yale maji wala wasitie kostiki wala jiki mpaka nifike, tope la chini kabisa ndo nalitaka, na lebo chache zenye utelezi. Na uniandikie kila kitu mnachotiaga kwenye hilo karo, hata sabuni.