Safari ya vipepeo wa monaki ilindwe njia nzima

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie vipepeo wa monaki, ambao majira ya baridi yanapokaribia huondoka kusini mwa Kanada na mashariki mwa Marekani, wakaruka hata kilomita 4,000 hadi misitu ya milimani katikati ya Meksiko. Ajabu ni kwamba hakuna anayeijua njia kwa kuwahi kuipita, maana wanaokwenda ni vizazi kadhaa baada ya wale waliotoka huko.

UNESCO iliiweka misitu hiyo katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Ni hatua njema, ila viwavi wao hula mimea ya jamii ya Asclepias pekee, nayo inateketezwa mashambani kaskazini kwa dawa za magugu. Kingo za mashamba hayo zisipuliziwe dawa.

Msomaji wako